Mahali pa Michezo ya Watoto Wadogo



Somo la leo lahusu watoto wenu wadogo, wale wa miaka miwili mpaka sita, ambao bado hawajaanza shule ya msingi. Tujiulize neno moja: asubuhi, baba na mama wakienda shambani, watoto hao hubaki wapi, hubaki na nani, nao hufanya nini?

Machoni pa wengi jambo hili ni dogo. Lakini katika vijiji vya Lusangi, na kote kusini mwa Maniema, toka Kasongo mpaka Kabambare, lahusu uhai wa mtoto, shule ya dada yake na kazi ya mama yake. Someni polepole, kisha mzungumze nyumbani, mume na mke pamoja.

I. TUTAZAME ASUBUHI MOJA KIJIJINI

Jua limechomoza. Mama ashika jembe na kikapu, aenda kupalilia mpunga. Mtoto mchanga yuko mgongoni. Yule wa miaka mitatu hawezi kubebwa, na njia ni ndefu kwa miguu yake. Basi aachwa nyumbani. Aachiwa nani? Mara nyingi aachiwa dada yake wa miaka tisa au kumi.

Kengele ya shule yalia. Wenzake wapita na madaftari yao. Yeye asimama mlangoni, mdogo wake kiunoni, awatazama wakienda. Jumatatu ni hivyo, Jumatano ni hivyo, na juma linalofuata ni hivyo. Mwisho wa mwaka watu husema: "Msichana huyu hana akili ya kusoma." Wamekosa. Akili anayo, ila siku zake za kusoma zimetumika kwa kazi ya watu wazima. Toka Septemba 2019 serikali ya Kongo imetangaza kwamba masomo ya shule ya msingi katika shule za umma ni ya bure. Lakini karo ikiondolewa, na mtoto wa mgongoni asiondolewe, msichana huyu amepata faida gani?

Penginepo hata dada hayupo. Mtoto abaki na wenzake walio wadogo kama yeye. Akaribia mafiga ambapo makaa bado ni moto. Afuata njia ya mtoni. Ainama juu ya kisima kisicho na mfuniko. Upande wa machimbo ya dhahabu, kama Salamabila, yako mashimo yaliyojaa maji ya mvua. Mtoto hana nia mbaya. Atafuta kitu cha kushika na mahali pa kuchezea. Tusipompa, atajitafutia mwenyewe, naye hajui kupambanua mahali pema na mahali pa kifo.

II. MCHEZO NI KAZI YA MTOTO

Wako watu wasemao: "Mtoto anayecheza anapoteza wakati." Tuwajibu kwa upole. Mwangalieni mtoto anayejaza mkebe mchanga, akaumwaga, akaujaza tena. Ajifunza kipimo: kidogo, kingi, kimejaa, kimepungua. Mtoto apangaye vipande vya mti mpaka vianguke ajifunza uzito na uvumilivu. Wawili wanaocheza kuuza mihogo, mmoja muuzaji na mmoja mnunuzi, wajifunza hesabu, heshima na maneno. Msichana anayemlaza mwanasesere wake wa majani ya mgomba afanya kama alivyofanyiwa yeye. Na kama alifanyiwa kwa ukali, mtausikia ukali huo kinywani mwake.

Wahenga walisema: "Samaki mkunje angali mbichi." Miaka hii ya kwanza ndiyo wakati wa ubichi. Ndiyo maana Mkataba wa Haki za Mtoto, uliokubaliwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, umeandika katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Kongo ilijifunga kwa mkataba huo mwaka 1990, ikatunga pia sheria yake ya kumlinda mtoto tarehe 10 Januari 2009.

Sikilizeni sasa mazungumzo ya mzee na mwalimu wa wakatekumeni. Yametungwa kwa ajili ya somo, lakini huenda mkatambua maneno yenu ndani yake.

MZEE: Mwalimu, nasikia wataka tuwajengee watoto mahali pa kuchezea. Sisi tulicheza popote, na tumezeeka.

MWALIMU: Ni kweli, baba. Lakini zamani nyua zenu zilikuwa na watu wengi. Bibi alikuwapo, shangazi alikuwapo, na kila mkubwa alimwangalia mtoto wa jirani kama wake. Vita vimetawanya jamaa, na vijana wamekwenda machimboni. Leo ua ni mtupu mchana kutwa.

MZEE: Hilo nalikubali.

MWALIMU: Na tena, baba, uniwie radhi nikuulize. Wale mliocheza nao popote, je, wote wamezeeka?

MZEE (baada ya kunyamaza): Hapana. Mdogo wangu alizama mtoni. Alikuwa na miaka minne. Mimi ndiye niliyeachiwa kumlinda, nami nilikuwa na miaka minane.

MWALIMU: Pole sana, baba. Mzigo huo haukuwa wa mtoto wa miaka minane.

MZEE: Mianzi iko nyuma ya nyumba yangu. Mje mkate mnayotaka.

III. MIFANO MIWILI TOKA MBALI

Msidhani kwamba taabu hii ni ya Maniema peke yake. Tazameni nchi ya Italia, ambako maskini wa mjini na maskini wa kijijini waliipata taabu hiyo hiyo.

Mfano wa kwanza ni wa mji wa Roma. Katika mtaa wa San Lorenzo wazazi walikwenda kazini mapema, na watoto wasiofikia umri wa shule walibaki peke yao, wakichora kuta na kuharibu ngazi za nyumba. Tarehe 6 Januari 1907 daktari mmoja mwanamke, Maria Montessori, alifungua kwa ajili yao "Nyumba ya Watoto". Baadaye aliweka meza na viti vya kimo chao, na makabati mafupi ambayo mtoto aliweza kuyafikia bila kumwita mtu. Akaona jambo lililomshangaza: watoto walioitwa waharibifu, walipopewa vitu vizuri vya kushika kwa mikono, walitulia. Walirudia kazi moja mara nyingi, kisha wakarudisha kila kitu mahali pake.

Mfano wa pili ni wa kijiji cha Villa Cella, karibu na mji wa Reggio Emilia. Mwaka 1945 vita kuu ya pili ya dunia ilipokwisha, wanakijiji waliuza kifaru, malori na farasi walioachwa na jeshi la Wajerumani. Fedha hizo hawakugawana. Walianza kuwajengea watoto wao wadogo shule, kwa mikono yao wenyewe, wakiokota matofali katika nyumba zilizobomolewa na mabomu. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, alisikia habari hizo, akaenda huko kwa baiskeli kutazama kama ni za kweli. Alikaa nao, na kazi ya kulea watoto wadogo ikawa kazi ya maisha yake yote.

Watu wa Villa Cella hawakungoja mpaka umaskini uishe. Walianza na vitu vilivyokuwa mbele yao. Nasi tuanze hivyo.

IV. JINSI YA KUPATENGENEZA MAHALI

Tunalotaka si shule ya chekechea. Twataka mahali padogo, salama, penye uzuri, ambapo watoto kumi au kumi na watano wa majirani waweza kucheza asubuhi, mbele ya macho ya watu wazima.

1. Kuchagua. Tafuteni kivuli, kama cha mwembe mkubwa usio na matawi makavu. Pawe mbali na barabara, mto, kisima, jiko na choo. Pasiwe bondeni panapotuama maji ya mvua. Yatosha eneo la hatua kumi na mbili kwa hatua kumi. Pasifichike nyuma ya nyumba: kila apitaye apaone.

2. Kusafisha. Fyekeni nyasi kuzunguka pande zote, nyoka wasipate maficho. Okoteni vigae, misumari, mabati na vipande vya chupa. Ng'oeni mbarika, kwa maana mbegu zake zina sumu kali na watoto huzipenda kwa madoadoa yake.

3. Kuzungushia ua. Simamisheni fito za mianzi, kimo cha mita moja, karibu karibu, kichwa cha mtoto kisipite katikati yake. Kateni ncha kali. Mlango uwe mmoja, wa kufungwa kwa nje. Ua huzuia mbuzi, mbwa na kuku wasiingie kuchafua, kwa sababu udongo uliochafuliwa na kinyesi huweza kuwa na minyoo inayoingia kwa nyayo za miguu.

4. Kugawa pembe nne. Mtoto hachezi namna moja tu. Kwa hiyo kila pembe iwe na kazi yake.

Pembe ya mchanga. Zungushieni magogo, jazeni mchanga safi wa mtoni, kina cha shubiri moja. Wekeni vibuyu vilivyokatwa, vikapu vidogo na vijiti. Jioni funikeni kwa mkeka wa zamani.

Pembe ya kujenga. Mwombeni seremala masalio ya mbao. Yapigeni msasa, au yasugueni kwa jiwe, yasiwe na vibanzi. Vipande thelathini vya vipimo mbalimbali vyatosha. Na vipande vya mianzi vyafaa, vikilainishwa ncha zake.

Pembe ya nyumba. Wekeni mafiga matatu yasiyo na moto, chungu kidogo, kinu na mchi vya kimo cha mtoto, mwanasesere wa nguo kuukuu, kitenge kilichochakaa cha kumbebea. Hapa watoto watatwanga sombe isiyokuwapo na kupika ugali wa mchanga. Mkikaribishwa kula, kubalini na mshukuru.

Pembe ya mwili. Chimbieni gogo nusu ardhini, mtoto atembee juu yake kama darajani. Lazeni tairi kuukuu za kurukia, mkizitoboa upande wa chini ili maji yasikae ndani na kuzaa mbu. Pia mpira wa majani makavu ya mgomba wafaa sana, maana hauumizi mtu.

Katikati acheni wazi. Hapo watakaa duara kwa hadithi na nyimbo, na wenye kujua ngoma watawapigia.

5. Kupanga vitu. Vitu visirundikwe katika gunia moja. Tengenezeni kichanja kifupi cha mianzi, kimo cha kifua cha mtoto, kila kitu kikae mahali pake panapoonekana. Mtoto akiona, atatamani, akitamani, atajaribu. Wala msiweke vitu vingi: vitu vichache vyenye mpango hufundisha kuliko vingi vilivyotawanyika. Kila Jumamosi ondoeni kimoja, leteni kingine, kama kombe la konokono lililosuguliwa vizuri, manyanga mapya au kikapu cha majani ya rangi mbalimbali. Pandeni maua kando ya ua. Mtoto wa maskini naye anapenda uzuri.

6. Vitu vya kukataza. Kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, msiweke kitu chochote kinachoweza kuingia chote kinywani: maharagwe, vizibo vya chupa, kokoto ndogo. Vitu hivyo hukaba koo. Msiache kamba ndefu zenye kitanzi. Maji ya kuchezea yawe kidogo, mbele ya mlinzi tu, kisha yamwagwe mara moja. Mtoto mdogo aweza kuzama hata katika beseni. Mikebe yenye ncha za kukata isiingie kabisa.

V. WALINZI

Ua bila mlinzi ni zizi tu. Neno hili ndilo kubwa kuliko yote tuliyosema.

Walinzi wawe wawili kila siku, watu wazima, wenye tabia njema na wanaojulikana na wazazi wote. Kama jamaa kumi zimekubaliana, kila jamaa itoe mtu mmoja siku moja katika juma. Siku zitakuwa tano, na kila siku itapata walinzi wawili. Hivyo kila mama ambaye zamani alikuwa na wasiwasi siku zote atakuwa na zamu siku moja tu, na siku nne atalima kwa moyo mtulivu. Baba naye ana zamu yake. Asiseme kwamba hiyo ni kazi ya wanawake, kwa kuwa mtoto haitwi kwa jina la mama peke yake. Na bibi aliyechoka kulima atapata hapa kazi ya heshima: yeye ndiye mwenye hadithi.

Mlinzi afanye nini? Kwanza ahesabu watoto wakiingia, ahesabu tena wakitoka. Asimpe mtoto mtu asiyetumwa na wazazi. Awe na maji safi ya kunywa, na maji na sabuni ya kunawa. Wakigombana, asikimbilie fimbo. Awaketishe, amsikilize kila mmoja, awaonyeshe namna ya kupokezana. Asiwachezee mchezo wao wala kuwasahihisha kila dakika. Mtoto akisema Kibangubangu, Kizimba au Kikusu, asimcheke. Amjibu kwa lugha hiyo, kisha amwambie neno lile kwa Kiswahili. Hivyo atapata lugha mbili bila kupoteza ya mama yake.

Neno jingine ambalo tusilisahau: mlinzi asiwe tena yule dada wa miaka tisa. Kama tukijenga ua mzuri, kisha tukamweka yeye mlangoni, hatukumsaidia kitu. Kazi yake asubuhi ni shule.

VI. WATOTO WALIOONA VITA

Maniema imeonja vita mara nyingi: maasi ya mwaka 1964, vita vya 1996 na 1997, tena vile vya 1998 mpaka 2003, na baadaye vikundi vyenye silaha vilivyosumbua Kabambare. Jamaa nyingi zimekimbia, nyingine zimepokea wakimbizi. Kwa hiyo watoto wengine watakaoingia katika ua wetu wamesikia bunduki, au wameona nyumba ikiungua.

Msishangae wakicheza vita. Mtoto hana maneno ya kusimulia aliyoyaona, basi huyasimulia kwa mchezo. Msimpige. Kaeni karibu, muulizeni kwa upole: "Na sasa watu hawa watalala wapi? Nani atawapikia? Nani atawaganga?" Hivyo mchezo wa kuua wapata njia ya kugeuka mchezo wa kujenga na kuponya. Mwingine hachezi kabisa, aketi pembeni na kutazama. Msimvute kwa nguvu. Mlinzi akae kando yake kila siku, ampe kitu kimoja mkononi, angoje. Akikaa hivyo majuma mengi, hali, halali vizuri, wazazi wampeleke zahanati waombe shauri.

Nabii Zekaria, katika sura ya nane, aliwatangazia watu waliorudi toka uhamishoni ishara ya amani. Hakutaja jeshi wala hazina. Alitaja wazee wameketi na fimbo zao, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Basi, kijiji ambacho watoto wake wacheza bila hofu, na wazee wake wawatazama, kimekwisha kuanza kupona.

VII. TUSHIKE HAYA

Mchezo ni kazi ya mtoto mdogo, nasi wakubwa twapaswa kumpa mahali pa kuifanyia. Mahali hapo hapatengenezwi kwa fedha nyingi. Hutengenezwa kwa mianzi, mchanga, masalio ya mbao na umoja wa majirani. Na ua mmoja huwasaidia watu watatu: mtoto apona hatari, dada arudi shuleni, mama afanya kazi bila wasiwasi.

Maulizo

1. Katika kijiji chako, watoto wa miaka mitatu hubaki na nani asubuhi? Taja wasichana ambao wamekosa shule kwa sababu hiyo.
2. Kwa nini ua wa watoto usijengwe nyuma ya nyumba, hata kama pana kivuli kizuri?
3. Taja pembe nne za ua, na jambo moja ambalo mtoto ajifunza katika kila pembe.
4. Kwa nini mzee wa mazungumzo yetu alitoa mianzi yake?
5. Mtoto aliyeona vita akicheza mchezo wa bunduki, utamwambia nini?

Kazi ya juma hili

Majirani watano mpaka kumi wakutane Jumamosi jioni. Wachague mti mmoja, wapime eneo kwa hatua zao, wagawane kazi: nani akate mianzi, nani alete mchanga, nani aende kwa seremala. Kabla ya kuachana waandike majina ya walinzi wa siku tano za kwanza. Kisha waende kwa mwalimu wa shule, wamwambie majina ya wasichana watakaorudi darasani siku ya Jumatatu.